Shuka Nne za Unga

Benchi la kwa ba'mkubwa wangu Mwinyimvua, hapa Kariakoo, ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Bado una tundu la kitasa, na anayekaa katikati sharti ajue pa kuweka makalio. Wanaume wanne huukalia kila siku baada ya sala ya alasiri. Wa kwanza ni ba'mkubwa mwenyewe, mwenye nyumba. Wa pili ni Safari, kuli wa bandarini, ambaye mguu wake hautulii na methali zake hazifiki zinakokwenda. Yupo Sajini Leodegar, mzee wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyepigana Uhabeshi na hataki mtu asahau, halafu Ramadhan, aitwaye Redio kwa sababu hutangaza habari kabla hazijatokea. Mbaruku muuza kahawa huweka dele lake, birika la shaba, chini na vikombe juu ya ubao, naye hahesabiwi kwa kuwa hakai. Juu ya vichwa vyao kuna dirisha la chumba changu. Mwanamke hakai kijiweni, lakini dirisha halijapigwa marufuku na mtu. Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Kampala, ambako nilizoea mtu akisema jambo anaulizwa ushahidi. Jumamosi moja nikawasikia wanamhukumu mwanamke.

Mwanamke mwenyewe ni Dada Severa, mpangaji wa chumba cha mwisho kwa miaka miwili, Mchaga wa Kibosho, mtu wa kanisani, salamu zake fupi. Ukumbi wa nyumba yetu umenyooka, kwa hiyo mlango wa mbele ukiwa wazi, walio kwenye benchi wanaona moja kwa moja mpaka uani. Na kila Jumamosi, alasiri, waliona vitu vinne kwenye kamba ya Severa. Vyeupe vyenye umanjano kidogo, vilaini, vyembamba. Upepo haukuvipeperusha kama nguo. Vilijaa na kunywea taratibu, kama vinavuta pumzi. Kabla havijatundikwa, ilisikika sauti chumbani kwake: gubu, kimya, gubu, kimya, mti mzito juu ya meza.

— Anza tena, Redio, alisema ba'mkubwa. Polepole. Uliwaambia akina nani?

— Sikuwaambia. Niliulizwa. Nilikuwa napita Mnazi Mmoja, vijana wa mtaa wa pili wakaniuliza kuna nini kwenu kila Jumamosi. Nikajibu nilichokiona.

— Uliona nini?

— Ngozi, Mzee.

Dele lilikuwa limejaa. Mbaruku alimimina, akagongesha vikombe.

— Na hao vijana wakasemaje?

— Wakasema wakitoka kucheza mpira watapita kuangalia. Na wenzao wa Buguruni.

Wote pale walijua maana ya kupita kuangalia. Wiki mbili nyuma, huko huko Buguruni, mtu alipigwa mawe kwa kukutwa na chupa ya rangi nyekundu ya kupakia baiskeli. Walisema ni mumiani, mnyonya damu. Mpaka leo haoni vizuri jicho moja.

— Nyumba yangu ina dirisha la kioo, alisema ba'mkubwa. Na ina mwana wa ndugu yangu ndani. Basi sikieni. Kahawa hii ikiisha, nanyanyuka, nagonga mlango wa Severa, namwambia afunge vitu vyake aondoke kabla ya magharibi. Kama kuna mwenye neno, aseme wakati kahawa bado ipo.

Nilifungua dirisha.

— Shikamoo, ba'mkubwa. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Funga dirisha.

— Nina neno, na kahawa ipo.

Safari akacheka chini chini. — Wakili ameamka. Mfukuzwa kwao hana pa kwenda, ndiyo maana afukuzwe mapema, ajue.

— Hiyo methali haisemi hivyo, kaka Safari.

— Haisemi, lakini ndivyo ilivyonuia.

— Ushahidi wa kwamba ni ngozi uko wapi? niliuliza.

Sajini Leodegar aliweka kikombe chini. Alikuwa na namna ya kuweka kikombe kama anaweka bunduki. — Binti, mimi naongea kama shahidi. Huyu mwanamke alikaa na Mtaliani. Hilo linajulikana toka kwetu Kilimanjaro. Mateka mmoja, mwashi, aliletwa misheni kujenga mnara wa kengele, vita vikaisha, asirudi kwao. Mtaliani huyo alimfuata mwanamke mpaka huku Dar. Sasa, nani hapa amelinda Wataliani kambini?

— Wewe, Sajini, walisema wote, kwa uchovu.

— Mimi. Miezi kumi na minne. Nimewaona wakila asubuhi, nimewaona wakila jioni. Chakula cha Mtaliani ni nyuzi. Nyuzi za unga, ndefu, zimekaushwa, zinakuja kwenye kasha, zinavunjika ukizikanyaga. Sijaona Mtaliani anakula shuka. Kwa hiyo ile si chakula. Na kama si chakula, na si nguo, ni nini?

— Mimi nilidhani ngozi za ngoma, alisema Safari. Mbuzi aliyenyolewa. Anawamba ngoma kimya kimya, siku moja tuamke tukute ana kikundi.

— Mbuzi hana upana ule.

— Basi mwavuli. Ule wanaorukia kutoka kwenye ndege. Bandarini nimeuona mmoja, hariri tupu, rangi ile ile. Mtaliani anataka kuruka arudi kwao.

— Hariri haining'inii vile, alisema Redio. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Redio akishusha sauti watu husogea. — Mimi nimezipima kwa jicho. Kila moja inaanzia hapa, akagusa bega la Safari, inaishia hapa, akamgusa kiunoni. Upana wake, kutoka bega mpaka bega. Hiyo ni migongo.

Mguu wa Safari ulisimama.

— Nani amepotea? niliuliza.

— Mm?

— Migongo minne kila Jumamosi. Kwa mwezi ni kumi na sita. Nani amepotea mtaa huu? Taja jina.

— Fundi viatu wa pale kona.

— Yuko Tanga. Ameandika barua, umeisoma wewe mwenyewe hapa hapa ubaoni, kwa sauti.

Redio alikunywa kahawa. Nilidhani nimemziba. Kumbe alikuwa anajaza pumzi.

— Wakili umeuliza vizuri. Hajapotea mtu. Hilo ndilo linalonitisha. Sikilizeni, ndugu zangu, Jumamosi nikiamka mgongo unawasha. Wewe Safari?

— Mimi mgongo unaniuma kila siku, nabeba magunia.

— Jumamosi zaidi?

Safari akafikiri. — Jumamosi zaidi.

— Sajini?

— Mimi nina risasi ya Uhabeshi pale.

— Inauma zaidi lini?

Sajini alipeleka mkono mgongoni, akaurudisha upesi.

— Hawachuni wafu, alisema Redio. Wanachuna walio hai, usingizini, ngozi ya juu tu, nyembamba kama ya kitunguu, mtu asijue. Inakaushwa, inatumika, inaota nyingine. Tuko wangapi kwenye ubao huu?

Ba'mkubwa alijibu bila kutaka. — Wanne.

— Na kwenye kamba?

Wote walitazama ukumbini. Zilikuwa zinajaa na kunywea.

— Ya tatu kutoka kushoto ni yangu, alisema Safari polepole. Ina alama ya kamba ya gunia.

— Mficha uchi hazai, aliongeza, na huyu katundika wetu nje.

Mbaruku alimimina duru ya pili. Dele lilipoinamishwa, niliona kwamba analiinamisha zaidi ya mara ya kwanza.

Nilikasirika, sikatai. Jana yake watu hawa hawa walikwenda Mnazi Mmoja, wakasimama juani kwa saa tatu wakidai nchi ijitawale. Leo wanatawaliwa na kamba ya nguo. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia pia kwamba kati ya benchi na mlango wa Severa kuna hatua ishirini na mbili, na kwa miaka miwili hakuna mwanamume aliyezitembea kwenda kuuliza.

— Nenda wewe basi, alisema Sajini.

— Nakwenda. Ba'mkubwa, kahawa isiishe.

— Kahawa haiamriwi, mwanangu. Nenda upesi.

Severa alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Mikono ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Sikuzunguka. Nilimweleza vijana, Buguruni, kahawa. Hakulia, wala hakuonekana kushangaa. Alisema, "Basi ingia uone, maana mimi kusema sijui," akanifanyia pale pale, kutoka mwanzo.

Alimwaga unga wa ngano mezani, kilima. Akakitoboa katikati kama mtu anayechimba kisima, akavunja mayai ndani, akayapiga kwa uma, akivuta unga wa kingo kidogo kidogo usibomoke. Kisha mikono. Aliukanda kwa kisigino cha kiganja, akiukunja, akiusukuma, mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio. Alinishika sikio langu kunionyesha. Halafu akaufunika kwa bakuli.

— Sasa ulale, alisema. Ukiulazimisha kabla haujalala unarudi nyuma. Unakataa.

Mwingine ulikuwa umeshalala. Alichukua mpini mrefu wa jembe, uliokwanguliwa ukawa laini kama pembe, akausukumia unga ule, akiuviringisha kwenye mti, akiukunjua, gubu, akiugeuza, gubu. Uliendelea kupanuka hata nikadhani utamaliza meza. Alipouinua mbele ya dirisha niliona vidole vyake kupitia unga ule, na mistari ya viganja. Ulikuwa wa baridi. Severa alinieleza kwamba huzitundika kivulini zipungue maji, azikate mapana mapana, azichemshe kwa chumvi muda wa kusali Salamu Maria tatu. Basi. Unga na mayai.

— Na hizi zote unakula wewe?

— Mimi na Rinaldo. Ni yeye aliyenifundisha. Mama yake alikuwa akifanya hivi Jumamosi, kwao. Anakuja unga ukishalala. Haongei siku hizi. Anakula, anakaa kidogo, anakwenda.

Mezani kulikuwa na sahani mbili na uma mbili. Na kwenye ule unga mkavu uliobaki ubaoni, kando ya alama za viganja vya Severa, palikuwa na alama ya kiganja kingine, kikubwa, kidole cha mwisho kimekatika nusu. Nikasema moyoni, kumbe ameshafika, ametoka tu kwenda kunawa. Hilo la alama sikuwaambia wazee. Kwenye mdahalo mtu hasemi kila alichokiona, husema kinachomtosha kushinda. Aibu hiyo ni yangu.

Nilitoka na shuka moja ya kambani nimeitandaza juu ya mikono miwili, sinia limewekwa chini yake. Nilipotokea mlangoni, wanne wote walisimama. Safari alivua kofia. Ndipo nilipoelewa nimeibeba vipi: kama kichanga kilichovishwa sanda.

— Kaeni, wazee. Ni unga wa ngano na mayai.

Hakukaa mtu. Niliweka sinia ubaoni, mahali pa Safari, nikakata kipande kwa vidole, nikakitia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Mbichi haina ladha ya maana. Nikampa Sajini kipande.

— Wewe shahidi. Onja.

Alikishika muda mrefu. Alikiweka ulimini kama mgonjwa anayepewa kwinini. Kisha uso wake ukabadilika, akatafuna, akatazama chini.

— Ni ile ile, alisema.

— Ile ipi?

— Nyuzi. Ladha ya nyuzi. Kumbe inaanza hivi, ndipo inakatwa. Miezi kumi na minne nimewalinda, sikuingia jikoni hata siku moja. Haikuruhusiwa.

— Umekula mgongo wa nani, Sajini? alisema Safari, na hapo kicheko kikatoka, kile cha watu waliojiogopa wenyewe. Ba'mkubwa na Sajini waliketi. Redio aliketi pembeni kabisa. Safari alibaki amesimama, kwa kuwa sinia lilikuwa limekalia nafasi yake.

— Na anampikia nani zote hizo? aliuliza Redio, bado anatafuta upenyo.

— Mtaliani wake. Rinaldo. Huja kila Jumamosi, anakula naye. Kuna sahani mbili, nimeziona kwa macho yangu. Mtu anampikia mtu wake chakula cha kwao. Ndiyo mumiani yenu hiyo.

Ba'mkubwa alitikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena. — Nimesikia. Mwanamke abaki. Redio, wewe uliyeuwasha moto, wewe ndiwe wa kuuzima. Nenda kawaambie vijana.

— Nikimaliza kikombe, Mzee.

— Ukimaliza kikombe.

Nilikuwa nimeshinda. Nilisimama pale mlangoni, unga kwenye mikono, nikiisikia ladha ya kushinda, na ile haikuwa mbichi.

Ndipo akaja mtu mgeni, kijana mrefu mwenye koti zito la baridi ambalo Dar halina kazi, kuku wawili wamefungwa miguu mkononi, kikapu cha ndizi begani. Alitusalimia wote, shikamoo kwa kila mzee, akaitikiwa.

— Naitwa Onesphory. Nimetoka Moshi na lori. Namtafuta dada yangu Severa.

— Umefika, alisema ba'mkubwa. Chumba cha mwisho. Pita, mwanangu.

Onesphory alisita. Aliangalia kuku, akaangalia magoti ya wazee yaliyojaza kibaraza. — Aliniandikia nisije Jumamosi, Jumamosi ana mgeni wa chakula. Lori ndilo limechelewa. Sitaki nipite mbele za watu na kuku. Mlango wa nyuma uko wapi, nizunguke?

— Hakuna mlango wa nyuma. Ulikuwepo. Mbuzi wangu walipoibwa niliujenga matofali juu mpaka chini, mwaka wa tatu sasa. Uani pamezungukwa na kuta za watu. Mlango ni huu mmoja. Ba'mkubwa alipiga ubao kwa kiganja. — Ule wa nyuma tumeukalia.

— Ah. Onesphory alihamisha kuku mkono wa pili. — Basi huyo mgeni wake huwa anapitia wapi?

Alikuwa anauliza ili aige njia, hakuna zaidi.

Ba'mkubwa aligeuka kwa Sajini. Sajini aligeuka kwa Redio, anayejua nani kaingia, nani katoka, na kabeba nini. Kila Jumamosi ya miaka ile miwili, alasiri mpaka magharibi, wanaume wanne walikuwa hapa, magoti nje, macho ukumbini. Wakanitazama mimi, mwenye dirisha. Nilitafuta hoja. Nilichokipata ni kile kiganja katika unga, kidole kimekatika nusu.

Ubao ulitikisika. Vikombe viligongana kidogo, kama kila Jumamosi.

— Safari, mguu, alisema Sajini, kwa mazoea.

— Mimi nimesimama, Sajini.

Sajini alinyanyuka polepole sana. Ba'mkubwa akafuata. Redio alikuwa ameshafika barabarani. Tuliutazama mlango ule wa nyuma uliolala chali, sinia la unga juu yake, tundu la kitasa katikati.

Kule ndani, gubu ilikuwa imekoma. Kwenye kamba zilibaki tatu, nasi hatukuona aliyeitoa ya nne; kisha nikakumbuka kwamba ya nne ndiyo niliyoileta mimi, na sikufarijika. Tulisikia Severa akisema neno moja fupi la lugha ya kigeni, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mwenzake chakulani. Uma uligonga sahani. Kisha, baada ya kitambo kidogo, mahali pengine mezani, wa pili.

Mbaruku aliinamisha dele mpaka mwisho. Yalitoka machicha.

— Imeisha, alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu alasiri.

Ba'mkubwa alikuwa ameapa kwamba kahawa ikiisha ataugonga mlango ule. Alisimama akiutazama ukumbi, hatua ishirini na mbili, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

— Redio, aliita bila kugeuka. Waambie vijana wasije. Asije mtu yeyote hapa. Na wewe mwanangu wa Moshi, weka kuku chini.

— Nisiingie, Mzee?

— Waache kwanza wamalize kula.